Mstari wa Nne wa Kadi ya Mavuno

Yule dobi alikuwa na furaha iliyokosa adabu. Ilimwamsha asubuhi kabla hajashiba usingizi, ikamfuata kwenye karai, ikakaa naye mezani akipiga pasi, na mara nyingine ilimkamata mbele za watu, akajikuta anacheka peke yake huku ameinua suruali ya mtu juu. Wateja walidhani anaicheka suruali. Mmoja alimnyang'anya yake akaondoka nayo ikiwa bado mbichi.

Ilikuwa miezi mitatu sasa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kanisani, wa kusimama wenzake wakisimama na kusinzia wenzake wakisinzia, lakini hii ilikuwa habari nyingine kabisa. Ubaya ni kwamba hakuwa amemsimulia mtu yeyote jinsi ilivyomwingia, hata mume wake. Kisa chenyewe kilikuwa na jambo la aibu ndani yake, na kila alipotaka kukianza ulimi ulikuwa mzito. Basi kanisa lilipotangaza Juma la Mavuno, kwamba kila muumini atoke akawashuhudie majirani, dobi aliinua mkono kabla tangazo halijaisha. Alijiona mtu aliyepewa ruhusa ya kupasuka.

Ila kamati nazo zinajua kuharibu raha ya mtu. Mwenyekiti wa uinjilisti alikuwa mzee mmoja mpole, mtunza bohari mstaafu, na kwa kuwa tangu ujana wake hajawahi kukosa kamati hata moja, watu walimwita Kamati, hata wajukuu zake. Kamati aligawa kadi, na kijitabu cha maswali na majibu. Kadi ya Mavuno ilikuwa ngumu, ya njano, yenye mistari saba na safu nne: Nani, Hali ya moyo, Mbinu, Matokeo. Kwa heshima ya wenyewe jina lisiandikwe, iandikwe kazi ya mtu tu. Kwenye hali ya moyo yaliruhusiwa maneno matatu: laini, wastani, mgumu. Atakayejaza mistari yote saba kabla ya Jumapili atasimama mbele ya kanisa zima na kupigiwa makofi.

Sasa ongeza hapo wifi yake. Dada wa mumewe huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapokea wageni mlangoni, mwanamke wa kutembea na kalamu mbili ili moja ikiishiwa wino Mungu asicheleweshwe. Tangu siku ya harusi wawili hawa walipendana kama mawifi wanavyopendana, kwa tabasamu na kwa jicho la pembeni. Jumanne jioni Wifi alikuwa amejaza mistari sita. Jumatano akaenda kwa Kamati kuomba kadi ya pili, na akapita kwa dobi kumwonyesha.

Dobi akachachamaa. Mstari wa kwanza akamweka muuza magazeti: moyo laini, kwani yule bwana humwitikia ndiyo kila mtu. Wa pili, fundi baiskeli: wastani, alisikiliza mpaka gurudumu lilipoisha. Wa tatu, daktari wa meno. Huyo alishuhudiwa dobi akiwa amelazwa kwenye kiti, kinywa wazi, daktari ameshika taya, na kwenye safu ya matokeo aliandika kwa unyofu: "Hakunielewa."

Mstari wa nne ulikuwa wa Fundi.

Fundi alikuwa mama mshona nguo, na duka lake na la dobi yalitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Miaka ishirini walikuwa wakipigiana domo mlango kwa mlango, mmoja na pasi yake, mwenzake na cherehani yake, na hakuna harusi, ugomvi wala ujauzito uliopita mtaa ule bila kukaguliwa na wawili hao. Kanisani Fundi alikuwa haendi. Alisema Jumapili ni siku yake ya kulala, na hapendi kuamshwa ili akalalie benchi. Kama kulikuwa na mtu mmoja chini ya jua ambaye dobi alitamani aionje ile furaha, ni huyu. Angetoa mkono wake wa kulia, ule wa pasi.

Lakini mbele ya kadi akili ilimhama. Akaandika: "Fundi cherehani. Mgumu. Mbinu: mpelekee keki kwanza. Mdomo ukijaa, mwulize akifa leo atakwenda wapi."

Na akafanya hivyo hivyo. Alioka keki, akaipeleka ikiwa bado ya moto, akasubiri Fundi amege tonge la pili, kisha akakohoa.

"Mwenzangu, ukifa leo utakwenda wapi?"

Fundi akatafuna kwanza. "Leo siwezi kufa. Nina suti nne za harusi hapa. Nikifa leo watu watakwenda kanisani uchi, na itakuwa dhambi yangu."

Dobi akatoa kijitabu cha kamati, akafungua ukurasa wa sita, akasoma. Alisoma mpaka mwisho bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayetangaza kukatika kwa maji. Yeye mwenyewe alijisikia anavyoboa, na bado hakuacha. Fundi alimsikiliza kwa subira, akajikatia kipande kingine.

"Keki tamu," alisema ilipokwisha. "Umetia ganda la limau?"

Kwenye matokeo dobi aliandika: "Amekula."

Jioni hiyo hiyo alimwachia Fundi gauni lake la Jumapili, alilokuwa akilivaa kwenda kushuhudia. Mbio za juma lile zilikuwa zimempunguza kiuno, na alitaka likazwe kidogo, maana mtu hawezi kupigiwa makofi mbele ya kanisa akiwa ndani ya gunia. Fundi alilipokea akamtania kwamba siku hizi wokovu unakondesha, labda na yeye aufikirie. Wakacheka, wakaagana.

Sasa sikiliza. Mwanamke huyu dobi alikuwa na sifa moja mtaa mzima: hakuna kitu kilichowahi kuingia majini kutoka mfuko wa mteja wake. Kila nguo ilipekuliwa kabla ya kuguswa na sabuni. Alishatoa funguo, barua za mapenzi, pete iliyovuliwa kwa sababu ambazo hakuuliza, na mara moja meno ya bandia, yaliyomwacha mwenyewe siku nzima anaongea kwa ishara. Alikuwa anajivunia mifuko kama wengine wanavyojivunia watoto. Lakini gauni la Jumapili halikuwa nguo ya mteja, lilikuwa lake, na mfuko wake mwenyewe hakuupekua.

Alhamisi asubuhi Wifi aliingia na kalamu zake mbili. "Wifi yangu, Kamati anataka kuona tulipofika. Lete kadi."

Dobi akapeleka mkono kwenye mfuko wa aproni. Akaupeleka kwenye mfuko wa pili. Akatazama chini ya ubao wa pasi, nyuma ya wanga, ndani ya tenga la mashuka, na hata kwenye mkebe wa vitu vilivyookotwa mifukoni. Halafu akakumbuka gauni, akasimama wima.

"Nakuja," alisema.

Kutoka mlango wake hadi wa Fundi ni hatua tisa. Siku nyingine alizipiga huku anaongea. Siku hiyo alizihesabu.

Fundi alikuwa amekaa, cherehani imenyamaza. Gauni lilining'inia ukutani limekwisha, limenyooka, kiuno kimekaa vizuri. Kadi ya njano ilikuwa mezani kando ya mkasi.

"Karibu, mteja," alisema Fundi.

Katika miaka ishirini alishamwita mwenzangu, mwehu, bi harusi mzee, na siku moja alipomkuta anakatia karatasi kwa mkasi wa nguo alimwita shetani. Mteja hakuwahi kumwita.

"Nikueleze," alianza dobi.

"Ngoja nisome, mimi mgumu huenda sijaelewa." Fundi akaichukua kadi akaishika mbali kidogo na macho. "Muuza magazeti, laini. Yule anayesema ndiyo ili umpishe njia, huyo ndiye laini. Na mimi niliyekuuguza hospitali siku nne, nalala kwenye kiti, mpaka shingo ikagoma kurudi, mimi ndiye mgumu."

"Walitupa maneno matatu tu ya kuchagua."

"Na hukuona hata wastani unanifaa?"

Hapo kwa siku ya kawaida wangekufa kwa kicheko wote wawili. Dobi alijaribu hata kutabasamu. Fundi hakutabasamu, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na ile keki. Ilikuwa mbinu?"

"Haikuwa mbinu."

"Imeandikwa hapa. Mbinu: keki. Mimi nilifika nyumbani nikamwambia mume wangu, leo mwenzangu amenikumbuka, amenipikia keki bila sababu yoyote. Nilimwachia na kipande." Akaiweka kadi juu ya gauni, akalikunja gauni vizuri, akamkabidhi vyote. "Ukiwa na nguo ya kurekebisha ilete, kazi ni kazi. Lakini mazungumzo, katafute hao wengine sita."

Dobi alirudi dukani kwake. Alitaka kulia, na alitaka kujipiga kofi, na hakujua aanze na lipi. Wifi alikuwa bado amesimama pale, amekwishaipitia kadi yake mwenyewe mara mbili kwa furaha. Akasimuliwa. Akasikiliza kichwa kimeinama upande, akatoa uamuzi.

"Mfute."

"Nimfute?"

"Moyo mgumu huo, wifi, achana nao. Bado una siku mbili. Yule mwenye duka la vioo ni laini, nimemwona kwa macho yangu akimpisha mbwa. Mweke huyo, mstari utajaa."

Dobi akamtazama. Akaitazama kadi. Mwenye duka la vioo alikuwa mtu mzuri sana, Mungu ambariki, lakini kumweka yeye mahali pa Fundi kulikuwa ni sawa na kumwambia mama aliyepotelewa na mtoto achukue wa jirani, naye anavaa saizi ile ile.

"Wifi, nikuulize," alisema. "Wewe unashuhudia kwa nini?"

"Kwa sababu tumeamriwa," alijibu Wifi, haraka kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali. Na ilikuwa kweli, hakuna wa kumpinga. Kisha akachezea kalamu kidogo. "Na pia, nikuambie ukweli, tangu watoto waondoke nyumba yangu imekuwa kimya mno. Nikigonga kwa mtu akanifungulia, naona kama nimefunguliwa mimi. Nataka na yeye ajue hayuko peke yake." Akashtuka kwa maneno yake mwenyewe. "Usimwambie Kamati."

Dobi alitaka kumkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu harusi akafanya hivyo kweli, kalamu moja ikamchoma ubavuni.

"Mimi nataka Fundi acheke kama ninavyocheka mimi," alisema. "Basi. Sina sababu nyingine. Hiki nilichonacho nakila peke yangu na hakishuki, kwa sababu yeye hayupo mezani."

"Hilo halimo kwenye kijitabu," alisema Wifi.

"Najua. Na nilichokuwa nacho mimi sijakisema hata mara moja. Nimemsomea ukurasa wa sita!"

Akajikaza kisabuni, akatoka. Hakubeba keki wala kijitabu, ila alibeba shati la mtu alilokuwa anakunja, maana alisahau kuliweka chini, na aliingia kwa Fundi amelikumbatia. Fundi alikuwa ameinamia pindo la suti, pini sita mdomoni. Hakuweza kusema karibu wala ondoka. Dobi akaona afadhali.

"Usiteme pini," alisema. "Mimi ni mteja, najua. Nimekuja na kitu cha kurekebisha. Unakumbuka shati la mwalimu mkuu lililoungua, nikakuambia pasi imeharibika? Nilikudanganya. Pasi ilikuwa nzima."

Mguu wa Fundi ukasimama juu ya kanyagio.

"Unajua kwamba dada yangu alipokufa tulikuwa hatusemezani. Watu wote wanajua. Usichokijua ni kwamba aliniita. Aliniita mara mbili akiwa mgonjwa, na mara zote mbili nikajibu arudishe kwanza kitanda cha mama. Kitanda, mwenzangu! Hata godoro hakikuwa nalo. Mara ya tatu hawakuja kuniita, walikuja kunipa habari. Nikaona aibu kwenda kumzika. Nilikuambia ninaumwa. Nilikuwa hapa ndani nafua, nafua hata vilivyo safi."

Fundi alikuwa amemkazia macho. Dobi akaongea haraka zaidi, shati la watu limejikunja kifuani pake.

"Miaka sita nimesali sala ile ile, naomba nisamehewe, mdomo unakwenda wenyewe na mimi siamini hata neno. Asubuhi ile pia nilikuwa nasali hivyo, akili yote iko kwenye kola ya mwalimu mkuu. Na ghafla, nikifika pale pale pa kila siku, nikajua nimekwisha samehewa. Zamani. Sikusikia sauti, usinitazame hivyo, sikuona hata mwanga. Nilikuwa kama mtu anayebisha hodi miaka sita, halafu anageuka anakuta mlango uko wazi siku zote, na yeye alikuwa anagonga ukuta. Nikalia. Nikalia kwa sauti. Halafu nikajiona nilivyo mjinga na huo ukuta wangu, nikaanza kucheka, nikacheka, nikacheka mpaka nikasikia harufu."

"Hawufu gani?" aliuliza Fundi kupitia pini.

"Shati."

Pini zikaruka. Moja ilipita sikioni kwa dobi, nyingine zikasambaa sakafuni, na Fundi akaangukia cherehani kwa kicheko kilichomtoa machozi. Dobi naye akashindwa kujizuia. Alieleza huku anakatika pumzi jinsi pasi ilivyojichora katikati ya mgongo, ncha yake na yote, na jinsi mwalimu mkuu, kwa kuwa shati lingine hakuwa nalo, alivyokwenda shuleni amevaa koti na kukaa nalo kutwa katika joto lile, wanafunzi wakidhani kuna mkaguzi. Wakashikana mabega. Mmoja akinyamaza mwenzake anasema "koti", wanaanza upya.

Walipochoka, Fundi akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha suti ya mtu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu. Wewe ndiye uliyekwenda kumzika."

"Nilimshonea gauni la mwisho," alisema Fundi.

"Najua. Nililiona linaning'inia pale. Ndiyo maana sikuweza kukuambia."

Mtu alipita nje akiburuta kitu cha bati. Fundi akainama akaanza kuokota pini moja moja, akizihesabu kwa midomo, na alipofika ya tano akaacha.

"Baba yangu hakufa," alisema.

Dobi hakuelewa. Baba wa Fundi alikuwa marehemu tangu siku ya kwanza walipofahamiana.

"Yuko hai. Ni mzee sasa, anakaa na mdogo wangu. Nilimzika kwa mdomo tu. Alinifanyia jambo, na mimi nikamfanyia kubwa zaidi, nikamtukana mbele ya watu wote siku ya msiba wa mama. Nikaona rahisi kusema amekufa kuliko kurudi." Aliongea akiitazama ile pini ya tano. "Mwaka huu ametuma salamu mara mbili."

Kijitabu cha kamati kilikuwa na maswali kumi na mawili na majibu yake, na yote alikuwa ameyakariri. Hakuna hata moja lililohusu hili. Akamshika Fundi mkono, ule wenye pini, ikamchoma, akauacha mkono wake huko huko.

Mteja akachungulia mlangoni. "Fundi, nimefuata suti yangu."

"Tumefunga."

"Saa sita mchana? Na mlango uko wazi?"

Fundi akainuka, akamtoa yule bwana kwa heshima zote, akaurudisha mlango akasukuma na komeo. Kisha akavuta stuli mbili, akaziweka goti kwa goti, akakaa kwenye moja.

"Rudia," alisema. Hakuwa anacheka tena. "Pale uliposema umekwisha samehewa. Ulijuaje? Na usiruke kitu."

"Sijui kama nitaweza kueleza vizuri."

"Eleza vibaya."

Dobi akakaa kwenye stuli ya pili, akaliweka lile shati magotini. Akaanza upya tangu kwenye kola, na Fundi akamsikiliza bila kushona kitu.